Donge la Kesho

Katika nyumba ile, mkate ukitoka mzuri sifa zilikwenda kwa Mzee. Ukitoka mbaya, lawama ziliangukia mikono ya Mama Pacha. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoolewa, na usidhani Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake. Baba mkwe alikwisha kufariki kitambo, na enzi za uhai wake alikuwa fundi baiskeli ambaye hata chai ilimshinda kuchemsha. Mzee alikuwa donge la unga.

Alikaa ndani ya bakuli la bati lililochubuka rangi, kwenye rafu ya ukutani karibu na tanuri, mahali penye uvuguvugu. Kila asubuhi mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Mikate, alimtoa Mzee bakulini akamchanganya na unga mpya, maji na chumvi, na unga wote ukaumuka. Kabla ya kukata mikate alibandua kipande kama ngumi, akakirudisha bakulini: huyo ndiye Mzee wa kesho. Kipande cha leo kilichachusha unga wa kesho, cha kesho kikachachusha wa keshokutwa, hivyo hivyo tangu Bibi Mikate akiwa msichana jikoni kwa mama yake. Alikuwa akisema kwamba kamba hiyo haijakatika hata siku moja, na alivyolisema jambo hilo ungefikiri anataja ukoo wa wafalme.

Tena alimwamkia. Alifunua mfuniko, akainamisha pua, akauliza, "Mzee, umeamkaje?" Mzee akajibu kwa harufu. Akinukia maziwa ya mgando na tunda lililoiva kupita kiasi, ameamka salama. Akitoa ukali wa siki, amelala na njaa, na hapo Bibi Mikate aligeuka taratibu akamtazama Mama Pacha kama mtu aliyemfumania akiiba.

Mkandaji alikuwa Mama Pacha. Vifundo vya mikono ya mama mkwe vilikwisha kuchoka zamani, kwa hiyo kazi yote ya nguvu ilibaki kwa mke wa mwana: kubeba magunia, kuchekecha, kukanda mpaka mabega yawake moto, kukata, kupima, kuviringa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu wa kupasua kuni. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mtu wa tanuri, na kwake dunia yote ilikuwa kuni na majivu. Wateja wakija kusifu, Bibi Mikate alinyoosha kidole kwenye rafu. "Msinishukuru mimi, mshukuruni Mzee." Hivi kidole kile kisingeweza kupinda kidogo tu, kikaelekea mezani, alikosimama mtu anayetiririka jasho? Hakikupinda. Lakini mkate ukitoka na shimo ubavuni, loo, hapo kidole kilijua njia. "Mikono ya mwenzetu huyu ina haraka. Anakanda kama anafua suruali."

Mama Pacha alijikaza kisabuni. Hakuwa akitaka makubwa. Alitaka siku moja mama mkwe aume kipande cha mkate, akitafune, akimeze, aseme: mwanangu, umekanda. Basi. Neno moja la kumfanya alale vizuri. Miaka ilipita, mapacha wakazaliwa, wakaanza shule, wakang'oka meno ya mbele, na neno hilo halikutoka.

Kisha mtoto wa jicho akamwandama Bibi Mikate, macho yote mawili. Daktari alipanga kumpasua jicho moja kwanza na jingine baadaye. Akamkataza kuinama, kubeba kitu kizito, kulia, na kukaa penye moshi na vumbi la unga mpaka apone kabisa. Ikaamuliwa akakae kwa binti yake, mji mwingine, karibu na hospitali ya macho. Siku ya kuondoka, gari linapiga honi nje, hakuuliza wajukuu watapelekwa shule na nani. Alisimama chini ya rafu.

"Mama Pacha, tunaelewana mimi na wewe?"

"Tunaelewana, Mama."

"Mzee kwanza, mikate baadaye. Kabla hujakata hata mkate mmoja, kipande chake kiwe bakulini. Sitaki kuja kusikia sijui watoto, sijui nilisahau."

"Nimesikia, Mama."

"Na usimguse ukiwa na hasira. Anahisi."

Donge la unga linahisi, na aliyelikanda je? Mama Pacha alimshika mama mkwe mkono hadi garini.

Balaa lililetwa na mpishi wa shule ya bweni. Alikuja asubuhi jua limeshapanda, anahema, shule imepata wageni na anataka mikate ya nyongeza sasa hivi. Unga ulikuwa umeshaumuka. Mama Pacha alibandua kipande cha Mzee kama alivyoagizwa, ila bakuli lilikuwa bado halijaoshwa, akakiweka kipande pembeni ya meza kwanza. Akakata mikate, akaiviringa, akaipanga kwenye sinia. Ukapungua mmoja. Mpishi kasimama mlangoni anatazama saa, Baba Pacha anapiga kelele kwamba moto uko tayari na moto haumsubiri mtu, mapacha wanagombania kizibo cha chupa chini ya meza. Mkono wa Mama Pacha ukaenda wenyewe pembeni, ukakusanya unga uliokuwepo pale, ukauunganisha na mabaki ya kukatia, ukauviringa, ukauweka kwenye sinia. Sinia likaenda tanurini.

Akaendelea na kazi zake. Kwa usafi aliofundishwa na mama mkwe akakwangua meza, akamwagia maji ya moto mabeseni yote, akasugua bakuli la Mzee mpaka likang'aa, akalifuta, akageuka kumchukua Mzee.

Meza ilikuwa kavu.

Aliinama chini ya meza, akatazama ndani ya ndoo, akawapekua mapacha mikononi. Kisha akakumbuka mkono wake ulivyokwenda.

"Baba Pacha! Toa mikate!"

"Haijaiva bado, nitoe nini?"

"Toa yote! Mzee yumo humo ndani!"

Baba Pacha alikuwa mzito wa mambo mengi, lakini hilo alilielewa upesi. Akaitoa. Mama Pacha hakusubiri ipoe. Unga ulikuwa mmoja, kwa hiyo mkate wowote ungefaa, kama kati yake palikuwa pabichi na hai. Akaupasua wa kwanza, mvuke ukamrukia usoni. Akaupasua wa pili. Akachimba kati ya kila mkate, penye unga mbichi unaonata, vidole vinaungua, machozi yanamtoka, na kila alichopata akakitupia bakulini.

Mpishi wa shule alikuwa bado mlangoni. "Samahani, mama," akasema kwa sauti ndogo, "si ndiyo mikate yangu hiyo?"

Mama Pacha aliongeza maji ya uvuguvugu na unga kidogo, akakoroga, akafunika, akaliweka bakuli kwenye rafu, akakaa chini yake kashika tama. Mchana alifunua. Ulikuwa uji tu, umelala kimya, hauna hata kiputo kimoja. Jioni alifunua tena. Uji.

"Labda amezimia," Baba Pacha akasema.

Mama Pacha alimtazama kwa namna ambayo ilimfanya aende kuhesabu kuni.

Aliyeitwa ni mdogo wake Mama Pacha, mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Alikuja baada ya vipindi, shati lina chaki kwenye kiwiko, akatia kidole ndani ya bakuli, akanusa.

"Ulipouchomoa huu unga, dada, ulikuwa wa moto kiasi gani?"

"Tazama vidole vyangu."

"Basi wamekufa. Chachu ni viumbe hai. Ni kuvu, ndugu zake uyoga, ila mmoja mmoja humwoni bila darubini. Wanakula sukari ya kwenye unga, wanatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua mkate. Wanatoa na kileo kidogo, ndiyo ile harufu ya tunda. Wala hawahangaiki na kuoana: mmoja anaota kinundu ubavuni, kinundu kinakua, kinabanduka, tayari wako wawili. Baridi inawalaza tu. Lakini joto la kukuunguza wewe vidole, wao hawabaki."

"Mwalimu, mimi sijaja darasani. Nataka Mzee wangu."

"Huyo harudi. Ila unaweza kuanza mwingine. Koroga unga na maji, uache wazi kidogo. Chachu ya porini imo kwenye unga wenyewe, imeganda kwenye maganda ya nafaka. Kila siku unatupa nusu, unalisha nusu inayobaki. Kama wiki hivi, au zaidi, atainuka."

"Wiki! Na kesho watu wale nini?"

Mwalimu aliinua mabega. Ndivyo walivyo walimu, wakishamaliza kueleza wanaona kazi imekwisha.

Kesho yake Mama Pacha alikwenda duka la mbali, ambako hawamjui, akanunua hamira ya pakiti. Bibi Mikate alikuwa akiiita dawa ya wavivu na hakuruhusu hata ipite mlangoni. Mama Pacha aliificha ndani ya sidiria, akarudi nayo nyumbani kama mwizi. Zilikuwa punje ndogo za kahawia, kavu kama mchanga. Alizimwagia maji ya uvuguvugu na sukari, na kabla hajamaliza kufunga nywele kitambaa zilikuwa zimeamka, zinatoa povu. Alishtuka. Mzee hajapata kuamka namna ile hata siku ya joto kali.

Sasa hapa ndipo alipokosea kosa la mtu aliyelelewa na Mzee. Alitia hamira yote kama pakiti ilivyoagiza, kisha akaupa unga muda ule ule mrefu aliozoea kumpa Mzee. Hamira ya pakiti ni farasi wa mbio. Ukimfungulia mlango asubuhi usitegemee kumkuta uwanjani mchana. Unga ulipanda, ukamwagika nje ya beseni, ukatambaa mezani, kisha ukanywea wote kwa pamoja. Ulinuka pombe. Aliuoka hivyo hivyo kwa ukaidi. Mikate ikatoka bapa, tena myeupe kama wagonjwa, kwa sababu wale viumbe walikuwa wamekula sukari yote na haikubaki ya kutia rangi ganda. Baba Pacha aliapa kwamba moto wake hauna kosa, na kwa mara ya kwanza alikuwa na haki.

Mara ya pili aliusimamia unga kama askari. Mkate ulitoka mrefu, laini, mzuri wa kutazama. Kufika jioni ulikuwa unapukutika kama maranda ya seremala.

"Mzee anaumwa?" akauliza fundi viatu wa jirani, mteja wa kila siku. "Huu mkate mwepesi mno. Nimekula, tumbo linauliza mbona sijala."

"Ana mafua," Mama Pacha akajibu, na uongo huo ukamkaa kifuani siku nzima.

Na lile bakuli la unga na maji alilokoroga kwa maagizo ya mwalimu? Siku ya pili lilifura likasukuma mfuniko. Mama Pacha alipiga vigelegele, akafunua, akaruka nyuma. Lilinuka soksi za mchezaji mpira. Siku iliyofuata kila kitu kilikuwa kimelala tena, juu maji ya kijivu, chini tope. Alimpigia simu mdogo wake huku anataka kulia.

"Hao hawakuwa chachu," mwalimu akasema. "Ni bakteria, walikuwa na sherehe yao. Unga ukianza kuchacha, ukali utawafukuza, halafu chachu watapata nafasi. Subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Subiri tu, dada."

Subiri, subiri! Kila mtu alikuwa hodari wa kumwambia asubiri, na hakuna aliyekuja kushika beseni. Alitupa nusu, akalisha nusu. Akatupa, akalisha. Alikanda mikate ya watu kwa hamira aliyoichukia, anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe, na simu ya wifi yake haikukoma kulia. Mama mkwe aliuliza swali moja kila mara: "Mzee hajambo?" Mama Pacha alitazama ukuta. "Hajambo, Mama." Baba Pacha alikaa karibu anampungia mkono aendelee hivyo hivyo, kwa sababu jicho la kwanza la mama yake lilikuwa limeshapasuliwa, na daktari hakutaka alie.

Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia. Tope lile lilikuwa limeanza kutoa viputo vichache vya uvivu, harufu imekuwa ya siki, lakini halikuinuka hata nusu kidole. Mama Pacha alichukua hamira ya pakiti, ncha ya kijiko tu, akaichanganya humo kwa hasira, akakanda na unga mpya mpaka likawa donge, akalifunika kwa kishindo.

Mwalimu aliposikia alishika kichwa. "Sasa hatutajua tena nani ni nani humo ndani!"

"Nani amekuuliza majina yao?"

Donge hilo lilifanya kazi. Taratibu, bila mbio za pakiti. Mama Pacha aliliendeleza: hamira hakuitia tena, alibandua kipande kila siku kabla ya kukata mkate, akakiweka bakulini hapo hapo hata nyumba ingewaka moto. Alijifunza upya kila kitu, maana huyu hakuwa na tabia za Mzee. Alipenda maji mengi zaidi. Hakupenda kupigwa, alipenda kukunjwa, kuachwa apumzike, kisha kukunjwa tena. Mama Pacha alibonyeza unga kwa kidole na kutazama kishimo kikirudi. Kikirudi haraka, bado. Kikirudi kivivu, sasa. Hapakuwa na mtu wa kumwambia anakanda kama anafua, na mabega yake yalishuka kutoka masikioni, mahali yalipokuwa yamekaa tangu arusi.

Siki ikapungua makali. Maziwa ya mgando yakaja, baadaye tunda. Mwalimu alikuja kunusa, akakiri kwamba hajui ni nini ila ni kizima. Alisema pengine wengine wametoka mikononi mwake Mama Pacha, kwa sababu mkono wa kila mkandaji una vijidudu vyake, na unga huvichukua. Mama Pacha aliitazama mikono yake mbele na nyuma, iliyosemwa vibaya miaka yote. Siku hiyo aliimba akichekecha unga.

Na mkate! Ganda lilivunjika kwa mlio, ndani palinyumbulika, na kesho yake bado ulilika. Fundi viatu alikuja kuongeza wa pili.

"Mzee amepona sawasawa," akasema mdomo umejaa. "Tena amezidi. Nikwambie ukweli, tangu bibi aondoke, Mzee amechangamka."

Mzee amekufa, Mama Pacha alitaka kumwambia. Mzee ameungua tanurini, na mkate unaoutafuna nimeukanda mimi, huyu mimi. Alimfungia mkate kwenye karatasi, akamtakia siku njema.

Bibi Mikate alirudi macho yote mawili yamepona, amevaa miwani myeusi, mkono kaushika binti yake. Salamu alizitoa huku anatembea. Wajukuu walimrukia, akawapapasa vichwa kama mtu anayepita sokoni, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Baba Pacha alikumbuka ghafla kwamba kuna majivu ya kuzolewa.

Mfuniko ukafunuliwa, pua ikainama. "Mzee, umeamkaje?" Bibi Mikate alivuta pumzi mara ya pili, polepole, akatabasamu. Akaomba mkate wa siku hiyo. Aliuvunja, akalisikiliza ganda, akautia mdomoni akatafuna, miwani imeelekea juu darini.

"Huu," mama mkwe akasema mwishowe, "ndio mkate wa mama yangu. Sijauonja tangu nikiwa msichana. Mimi nilikuwa nasema ladha imepungua, Mzee anachoka. Kumbe Mzee alitaka niondoke kidogo apumzike!" Akacheka, akamgeukia binti yake. "Mwanangu, una bahati. Unampata akiwa katika nguvu zake."

Ndipo Mama Pacha alipojua walichokuwa wamekipanga huko. Wifi yake amepata chumba chenye tanuri mjini kwake, naye anaanza kuoka. Leo hii donge litagawanywa, nusu iondoke naye, ili kamba iendelee pande mbili.

Angenyamaza, hadithi ingekwisha hapo na kila mtu angekunywa chai. Lakini alimwona wifi yake amesimama na kibakuli kipya, kakifuta mpaka kinang'aa, amekishika kwa mikono miwili kama anakwenda kupokea kitu kitakatifu, na Mama Pacha akashindwa. Nusu ya kushindwa huko ilikuwa uaminifu. Nusu nyingine ilikuwa hasira, na tusidanganyane, hasira ndiyo iliyotangulia mdomoni.

"Mama, huyo siyo Mzee."

Alisema yote. Bakuli chafu, mkate uliopungua, mikate aliyoipasua ya moto, duka la mbali, soksi, ncha ya kijiko. "Mzee alikufa mikononi mwangu, Mama, nisamehe kwa hilo. Lakini mkate uliokula ni wangu. Nimeuanza mimi, nimeulea mimi."

Bibi Mikate hakulia wala hakupiga kelele. Aliweka kipande cha mkate mezani.

"Baba Pacha," Mama Pacha akamwita mumewe aliyekuwa anazungukazunguka na koleo la majivu. "Waambie."

Baba Pacha alimtazama mama yake na ile miwani myeusi, kisha koleo lake. "Mimi mambo ya unga siyajui," akasema. "Mimi ni mtu wa moto."

Mama Pacha alihisi kama amepigwa kibao. Akaenda kwenye kabati, akatoa pakiti ya hamira iliyobaki, akaitia mkononi mwa mama mkwe. "Hii hapa basi. Ishike."

Bibi Mikate aliipapasa, akamimina punje chache kiganjani, akazinusa. Akaanza kucheka, kicheko cha upole kabisa, ambacho kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Wivu," akasema. "Hutaki wifi yako apewe. Ungesema tu, Mama Pacha, mimi ningeelewa, wewe ndiye umemlinda. Lakini usimzulie Mzee kifo."

"Wifi, jamani," binti naye akasema, macho yamemjaa machozi, "mimi siji kukunyang'anya kitu."

"Sizui! Mama, nakula kiapo..."

"Sikiliza, mwanangu." Mama mkwe alimshika mkono, akaupapasa kwa huruma ya kweli. "Nimekula mikate yako tangu siku uliyoingia nyumba hii. Najua mikono hii inafika wapi. Haifiki pale."

Mama Pacha aliuchomoa mkono wake. Angemwita mdogo wake aje aape, wangesema amekuja kumtetea dadake. Angekanda mwingine mbele yao, wangesema Mzee. Alisimama katikati ya chumba alichokifagia miaka yote hiyo, anatazamwa kwa huruma na watu wanaotafuna mkate wake.

Akachukua kisu. Alilitoa donge bakulini, akaliweka kwenye unga uliomwagwa mezani, akalikata. Nusu iliyokuwa kubwa kidogo akaitia kwenye kibakuli cha wifi yake.

"Mlishe kila siku," akamwambia, hamtazami usoni. "Usimpige, mkunje, umwache apumzike, halafu mkunje tena. Anataka maji mengi kuliko utakavyodhani. Akinuka vibaya siku moja mbili usiogope na usimtupe, atarudi. Bonyeza kwa kidole. Kishimo kikirudi kivivu, basi oka. Na kipande cha kesho kiweke bakulini kwanza, hata kama nyumba inaungua."

Wifi alikuwa anaitikia kwa kichwa, midomo inarudia maneno ili yasimpotee.

"Umemsikia wifi yako?" Bibi Mikate akamwambia binti yake, amejaa fahari. "Yote hayo nimemfundisha mimi."